Kiti cha Kwanza Mkono wa Kulia

Waziri wa Maji alikuwa amelala chali, dripu mkononi, midomo imemkauka kwa kutapika usiku kucha, na jambo la kwanza alilouliza halikuwa nani aliyemtilia sumu.

"Nani amekalia kiti changu?"

Inspekta alikuwa bado anatafuta pa kuweka kofia yake. "Samahani, Mheshimiwa?"

"Kiti! Cha kwanza mkono wa kulia wa Mkuu. Nani amekalia?"

"Mheshimiwa, leo Jumanne. Baraza hukaa Jumatatu. Chumba kimefungwa na ufunguo ninao mimi."

"Na yule wa Ujenzi? Hajaitwa Ikulu asubuhi hii?"

"Sina habari hiyo."

Waziri akashusha pumzi, akafumba macho. Lo! Mtu kaponea chupuchupu, tumbo limeoshwa mara mbili, na bado kijiba cha roho kinamkaba kuliko hiyo sumu yenyewe. Inspekta alikwisha kukaa kando ya vitanda vya watu wengi waliokosa kufa. Wengi huulizia watoto. Mmoja aliwahi kuulizia mbwa wake. Wa kuulizia kiti, huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza.

Ofisini walimwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumtoka mdomoni tangu alipokuwa konstebo. Mshukiwa akifoka, "Taratibu." Bosi akifoka, "Taratibu, mkubwa." Sasa alivuta kiti cha plastiki, akafungua daftari.

"Taratibu, Mheshimiwa. Jana kwenye kikao ulikunywa maji kiasi gani?"

"Funda moja."

"Moja tu?"

"Moja. Kwani nilikuwa na kiu?"

"Kisha?"

"Kisha tumbo likanikata. Nikatoka mbio chooni, nikatapika. Nikaanguka huko huko."

"Kati ya funda na kutoka, ulipita muda gani?"

"Dakika mbili, tatu. Sikutazama saa. We unanihoji mimi au unamtafuta mwuaji? Mkamateni yule wa Ujenzi! Miezi minane namtazama amekalia kile kiti, ananong'onezwa na Mkuu, anacheka peke yake, na sisi wengine tumekaa huko chini mezani hatusikii kitu. Jana kwa mara ya kwanza nikapewa mimi. Siku moja! Akashindwa kuvumilia siku moja!"

Kusema kweli, Taratibu naye alianza na huyo wa Ujenzi. Jumatatu yote iliyobaki baada ya kupewa kesi aliitumia kumfuatilia, akaishia ukutani: wa Ujenzi alikuwa ukumbi wa kusubiria tangu saa mbili kasoro hadi milango ilipofunguliwa saa tatu, mbele ya mawaziri kumi na sita waliokuwa wakimtazama jicho la pembe muda wote huo. Watu wanaokuonea kijicho ni mashahidi wazuri sana, hawakupotezi machoni hata dakika.

Nje ya wodi alimkuta daktari akinawa mikono.

"Sumu ya panya," daktari alisema. "Ile haianzi kukata tumbo kabla ya nusu saa."

"Yeye anasema dakika mbili."

"Basi anasema uongo. Halafu nimekuta michubuko kooni, amejitia vidole. Kutapika mapema ndiko kulikomponya."

Taratibu aliacha kuandika. Mtu anajitapisha kabla tumbo halijauma. Maana yake alijua kilichomo ndani ya glasi.

"Daktari, hili umemwambia mtu mwingine?"

"Mwenzako aliyekuja jana jioni. Yule mrefu, mcheshi. Amesema wewe ni shemeji yake."

Hapo ndipo roho ilipomuuma Taratibu.

Huyo mrefu alikuwa mdogo wa mke wake. Miaka kumi na minne nyuma Taratibu alimshika mkono akamwingiza kwenye jeshi la polisi, akamfundisha kuandika ripoti, akamwazima hata viatu vya kwendea usaili. Ofisi nzima ilimwita Shemeji, kuanzia mfagiaji hadi bosi, na leo Shemeji alikuwa inspekta, cheo kile kile, dawati linatazamana na lake. Na Jumatatu mchana simu ilipolia, Mkuu mwenyewe alisema kwa sauti yake ya upole: "Kazi hii nimekupa wewe peke yako. Kiti cha Mkurugenzi wa Upelelezi kiko wazi, unajua." Peke yako! Sasa huyu mwingine jana jioni alitafuta nini hospitali?

* * *

Mahabusu ya wanawake ilinuka dawa ya sakafu. Mhudumu wa chai wa Ikulu, aliyekamatwa jana kwa kuwa ndiye aliyemimina maji, alikuwa amekaa chini, amekunja kitambaa chake cha kazi akakikalia, miguu mitupu. Viatu walimvua mlangoni, kama wanavyowavua wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kunitoa au kunipeleka?"

"Nimekuja kuuliza."

"Haya uliza. Jana kaja mwingine naye kauliza. Yeye aliniletea sabuni."

Taratibu alifungua daftari. "Glasi ulizijaza saa ngapi?"

"Saa mbili kamili. Glasi kumi na nane. Mkuu yeye ana chupa yake, huifungua mwenyewe. Miaka ishirini na miwili sijawahi kuigusa."

"Baada ya hapo nani aliingia?"

Mama alitazama mlango kwanza. "Wa Maji. Saa mbili na robo. Kasema amesahau kalamu. Kaniambia mama nisaidie kikombe cha chai, koo limenikauka. Nikaenda jikoni. Narudi, hayupo. Chai nikainywa mwenyewe."

"Na kwenye kikao?"

"Wewe hujawahi kuona wakiingia, baba. Watu wazima na vitambi vyao wanazunguka meza kutafuta vibao vya majina, hawasalimiani, hawatazamani. Aliyesogea mbele anakohoa ili wamwone. Aliyerudi nyuma anajifanya anasoma karatasi. Wa Maji akazunguka, akakuta jina lake pale pa kwanza. Nikasema moyoni, leo atafurahi huyu! Ala! Uso ukamshuka. Akasimama tu. Mkuu akamwambia keti, bwana, leo hapa ni pako. Akaketi, anaitazama glasi. Mkuu akamwambia, 'Kunywa maji, Mheshimiwa. Unatoka jasho.' Wote wakageuka kumtazama. Akanywa."

Taratibu aliandika maneno hayo kama yalivyo, akayapigia mstari.

"Kesho saa tatu wananipeleka mahakamani," mama alisema. "Wameniambia kumwua kiongozi, hata kama hakufa, ni kitanzi. Kweli?"

"Kweli, mama."

"Basi fanya haraka, baba. Nasikia jina lako Taratibu."

* * *

Chumba cha baraza kilikuwa na meza ndefu, zulia la kijani lililopauka pale Mkuu anapopita, na Afisa Itifaki aliyevaa glavu nyeupe hata chumba kikiwa kitupu. Yeye ndiye aliyepanga vibao. Kila Jumatatu Mkuu alimpa bahasha iliyofungwa, na ndani yake mpangilio mpya wa viti. Hakukuwa na sheria iliyosema kiti cha karibu ni cha mtu mkubwa. Hakukuwa na haja. Mawaziri walijisomea wenyewe, na wake zao nyumbani wakiwauliza habari za kazi walikuwa wanauliza kiti.

"Vibao unaviweka saa ngapi?" Taratibu aliuliza.

"Saa tatu kasoro robo."

"Maji yanamiminwa saa mbili. Sumu imetiwa saa mbili na robo. Saa hiyo mezani hakuna jina la mtu yeyote. Sasa nieleze, huyo aliyetia alijuaje nani atakaa hapo?"

Afisa alirekebisha kiti ambacho kilikuwa kimekaa sawa. "Labda alibahatisha."

"Nani alichungulia bahasha?"

"Inspekta, mimi nina watoto..."

"Na yule mama aliyeko ndani ana nini? Nani alichungulia?"

"Wa Maji," Afisa alisema polepole. "Saa moja na nusu. Kiti cha kwanza kilikuwa bado cha wa Ujenzi, wiki ya thelathini na tano mfululizo. Aliposoma alitetemeka mdomo. Akanirudishia bahasha, akaniambia asante."

"Unawaruhusu wachungulie?"

"Wote wanachungulia. Wananiletea zawadi, napokea." Aliivua glavu moja, akaivaa tena. "Na kila anayechungulia napeleka jina lake kwa Mkuu. Ndiyo kazi yangu hasa. Yeye ndiye aliyeniamuru nipokee."

Taratibu alikitazama kiti cha kwanza. Kiti cha kawaida tu, mbao na ngozi, mkono mmoja umechubuka.

"Kwa hiyo jana Mkuu aliambiwa wa Maji amechungulia."

"Kachungulia, na baadaye kaingia chumbani."

"Halafu?"

"Saa tatu kasoro dakika tano Mkuu akaja mwenyewe. Hajawahi. Akatembea mpaka hapa. Akainama kidogo juu ya hiyo glasi. Akatabasamu, akachukua kibao cha wa Ujenzi akakipeleka kule chini, akaleta cha wa Maji hapa. Kisha akaniambia, wafungulie."

Mahali fulani kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji.

"Hilo la mwisho," Taratibu alisema, "mimi sijalisikia."

"Na mimi sijalisema. Yale mengine shemeji yako ameshayachukua jana. Ila la mwisho hakuniuliza."

Aibu yake, lakini tusidanganyane: katikati ya hofu ile Taratibu alisikia raha. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho Shemeji hakukipata.

* * *

Mchana alipita nyumbani kubadili shati. Sebuleni beseni lilikuwa pale pale lilipokaa tangu mvua za mwaka jana, chini ya bati linalovuja. Mke wake alimpakulia chakula, akakaa mbele yake.

"Mdogo wangu alipita asubuhi. Alikuulizia."

"Anataka nini?"

"Ebo! Mtu kuja kwa dada yake lazima awe anataka kitu? Alikuja kunionyesha picha. Nyumba yake imeezekwa. Mabati ya bluu, yanang'aa hivyo, mpaka raha."

Taratibu aliacha kutafuna. "Kapata wapi mabati?"

Mke akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Waziri wa Ujenzi alimpa. Mwaka juzi shemeji yako alimsaidia kwenye ile ajali ya dereva wake. Yeye hakuomba, lori likaja tu likashusha. Alitaka kuyarudisha, ndiyo nikamwambia usijifanye malaika, ezeka. Sasa usije ukamwambia mtu. Nimekuambia kama mume wangu, sikumwambia Inspekta."

"Nimwambie nani mimi?"

Alikula akamaliza. Alipokuwa akivaa shati safi alilitazama lile beseni, akawaza mabati ya bluu, na shati likamwia dogo shingoni.

* * *

Shemeji alikuwa ofisini, miguu juu ya dawati, vikombe viwili mbele yake.

"Shemeji! Nimekuwekea chai tangu saa nane, sasa imekuwa juisi."

"Ulikwenda hospitali jana."

"Nilikwenda."

"Na mahabusu. Na kwa Itifaki. Kila ninapofika nakuta umeshapita. Kesi hii ni yangu. Mkuu amenipa mimi kwa simu."

Shemeji alishusha miguu. "Amekuambia peke yako?"

"Peke yangu."

"Na kwamba kiti cha Mkurugenzi kiko wazi, unajua?"

Maneno yale yale. Walitazamana, na Shemeji akaangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Ametupiga wote wawili kwa kamba moja! Shemeji, sisi ni mawaziri sasa! Tutafutiwe na vibao!"

Taratibu alicheka pia, lakini kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa anafikiria nani alipigiwa simu kwanza.

Shemeji alifungua droo, akatoa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kichupa kidogo cha dawa ya macho. "Tangi la choo cha Ikulu, ghorofa ya kwanza. Nimelifungua jana usiku kwa mikono yangu hii. Mkemia anasema masalia ni sumu ile ile. Alama ya dole gumba ni ya wa Maji, haina ubishi. Ila sikuelewa kitu kimoja. Kama sumu ni yake, kwa nini ainywe?"

Taratibu alijibu kabla hajajizuia. Alikuwa mwalimu wake, na mwalimu akiulizwa hujibu. "Alimtegea wa Ujenzi. Alisoma bahasha, akatia sumu kwenye glasi ya kiti cha kwanza. Vibao vikabadilishwa, akakuta kiti ni chake. Akikataa kukaa, ataulizwa kwa nini. Mkuu akamwambia anywe mbele ya watu kumi na saba. Asiponywa, amejitangaza. Akanywa funda moja, akakimbia kujitapisha. Ndiyo maana alitoka baada ya dakika mbili wakati sumu inataka nusu saa."

Shemeji alipiga meza kofi. "Ndiyo wewe! Ndiyo maana mimi kila siku nasema wewe ni wewe!"

"Maelezo matupu hayamtoi yule mama."

"Na kichupa kitupu hakimtoi. Lakini vyote viwili pamoja? Twende kwa Mkuu jioni hii, tuseme neno moja, mimi nawe. Atoe amri, mama alale kwake."

"Na kiti cha Mkurugenzi?"

"Kiti akampe paka. Mama kwanza."

Walipeana mikono. Mkono wa Shemeji ulikuwa mkavu na wa moto, na Taratibu aliushika kwa nguvu, na saa ile aliposhika alimaanisha.

* * *

Saa kumi na moja jioni walikaa kwenye ukumbi wa kusubiria wa Ikulu, faili magotini. Mlinzi akafungua mlango.

"Mmoja mmoja. Shemeji atangulie."

Hata Ikulu wanamwita Shemeji! Taratibu alibaki na kofia mbili. Dakika tano zikapita. Kumi. Ishirini. Ndani kikasikika kicheko cha Mkuu, kirefu, cha kutoka tumboni, na Shemeji naye akacheka. Taratibu alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na hakuwahi kumchekesha Mkuu hata mara moja. Wanacheka nini? Wanamcheka nani? Dakika thelathini. Jasho likaanza kumtoka mgongoni, chini ya lile shati safi.

Mlango ulipofunguliwa Mkuu mwenyewe alikuwa amemsindikiza Shemeji, mkono begani kwake. "Karibu tena wakati wowote," alimwambia. Kisha akamgeukia Taratibu, uso ukarudi mahali pake. "Ingia."

Mkuu alikuwa mtu mfupi aliyevaa sweta. Alisoma ripoti ya Taratibu ukurasa kwa ukurasa, akilowesha kidole. Haikumshangaza hata sentensi moja.

"Safi. Na hiki kichupa nani kakipata?"

"Shemeji, Mkuu."

"Kwa hiyo kesi nzima imesimama juu ya kichupa chake."

"Na maelezo yangu, Mkuu."

"Maelezo ni maneno, Bwana Taratibu. Kichupa ni kichupa." Aliweka ripoti pembeni, bila haraka. "Mchangamfu sana yule kijana. Amenieleza mengi kuhusu wewe."

"Mengi gani, Mkuu?"

Mkuu alinyoosha kalamu ikae sambamba na ukingo wa meza. "Nadhani kiti kinamfaa yeye. Wewe utamsaidia. Unamjua vizuri, atakusikiliza. Au una neno?"

Kumsaidia! Yule aliyemwazima viatu! Asubuhi akifika amfungulie mlango, amwite mkubwa, na Jumapili mke amwambie mdogo wangu ni bosi wako, mheshimu. Taratibu alijiambia mara mbili afunge mdomo. Mara ya tatu hakujiambia.

"Mkuu, kuna jambo."

"Sema."

"Nyumba yake imeezekwa na Waziri wa Ujenzi. Mabati ya bluu."

Mkuu hakushtuka. Alimsogezea karatasi nyeupe na ile kalamu. "Andika. Taja na aliyekuambia. Kisha utie sahihi."

Aliandika. Mistari minne tu, na katika mstari wa tatu akaandika "mke wangu". Kalamu ilikuwa inateleza vidoleni. Mkuu alimimina maji kutoka kwenye jagi, akasukuma glasi mbele yake.

"Kunywa maji, Bwana Taratibu. Unatoka jasho."

Taratibu alikunywa mpaka glasi ikabaki tupu.

"Umenisaidia sana," Mkuu alisema. "Maana sasa tazama. Mtu wa Waziri wa Ujenzi anaokota kichupa cha kummaliza Waziri wa Maji. Kitu kama hicho nakipelekaje mahakamani? Watanicheka."

"Lakini Mkuu, kichupa ni cha kweli. Mwulize mkemia. Yule mama..."

"Mama ataendelea na kesi yake. Watu wameshasikia redioni kwamba kuna aliyekamatwa." Alivuta droo ya meza kwa ufunguo. Faili la wa Maji likaingia. La wa Ujenzi likaingia. La Shemeji, ambalo Taratibu aliona limekwisha kunenepa kabla ya leo, likaingia. Kisha Mkuu akachukua jalada jipya, akatia ndani ile karatasi ya mistari minne, akaandika juu yake kwa mwandiko mzuri: Taratibu. "Wa Maji Jumatatu atarudi pale pale kiti cha kwanza. Atakuwa waziri mwema sana sasa. Nawe hongera, Mkurugenzi. Nimebadili mawazo. Kiti ni chako."

Ufunguo ukazunguka.

Ukumbini Shemeji alikuwa amesimama, kofia zote mbili mkononi, uso umemjaa furaha.

"Nilidhani hutoki! Shemeji, yule mtu ana vituko. Nusu saa nzima amekaa anakata kucha, ananiuliza habari za mpira. Kile kicheko umekisikia? Timu yake imefungwa tano! Dakika mbili za mwisho ndiyo nikapata nafasi ya kusema. Nikamwambia hii kazi yote ni yako, mimi nimeokota chupa tu. Nikamwomba kiti akupe wewe." Alimnyooshea kofia. "Haya sema, mama anatoka saa ngapi? Nimeshapiga simu mahabusu wamrudishie viatu vyake. Wameniambia amevaa, amesimama mlangoni anasubiri."

Taratibu aliitazama kofia yake mkononi mwa shemeji yake, na hakunyoosha mkono kuipokea.